Michezo ya Zamani na Mashine Mpya

Desturi ya vitu ni kuchakaa. Nguo hupauka, jembe huisha makali, na mashua hutobolewa na wadudu wa baharini mpaka seremala akaitwa kutia ubao mpya. Mtu aliyezoea desturi hii, akiona mchezo wa kompyuta alioununua miaka ishirini iliyopita unazimika kabla haujafunguka vema, husema kwa wepesi kwamba umezeeka. Neno hilo lina sura ya hekima, walakini si kweli. Programu haichakai. Tarakimu zilizoandikwa ndani yake mwaka 1994 ni zile zile leo. Hazikupungua moja wala hazikuzidi moja, maadamu diski iliyozibeba ni nzima. Kama kitu hakikubadilika, na zamani kilikwenda na sasa hakiendi, basi kilichobadilika kiko nje yake. Hapa ndipo elimu ya kutafuta sababu za kuzimika kwa michezo ya zamani inapoanza, na asiyeanzia hapa hupoteza siku zake akimtibu asiye mgonjwa.

Kwanza yafaa ijulikane kuzimika ni nini. Programu ni mfuatano wa amri, na kompyuta huzitimiza moja baada ya moja bila ya kuuliza maana yake. Lakini ziko amri zisizotimizika. Hesabu ya kugawanya kwa sifuri haina jawabu. Sehemu ya kumbukumbu iliyo mali ya programu nyingine haisomwi na mgeni wala haiandikwi. Na amri isiyokuwamo katika lugha ya mashine haiwezi kufuatwa. Programu inayodai lolote katika haya husimamishwa papo hapo. Mchezaji huona dirisha likitoweka, au kioo kikigeuka cheusi, au husikia sauti ikirudia pigo moja kama santuri iliyokwaruzwa. Yeye huona ameonewa, kumbe kilichofanyika ni ulinzi. Mashine imekataa kuendelea na jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Swali la haki, basi, si kwa nini mashine imeukatiza mchezo, bali ni kitu gani mchezo ulichokidai.

Mfano mmoja mashuhuri unaonyesha jinsi swali hili linavyofanya kazi. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, chombo cha kuandikia programu kilichopendwa na wanafunzi na vijana wengi kwa wepesi wake na kwa bei yake ndogo. Michezo kadha wa kadha ya miaka iliyofuata iliandikwa kwa chombo hicho. Mmoja wao ni Jazz Jackrabbit wa mwaka 1994, mchezo wa sungura wa kijani anayekimbia upesi na kufyatua bunduki. Miaka michache baadaye, kompyuta zilipozidi kasi, programu nyingi zilizotokana na Turbo Pascal zilianza kufa mara tu zilipofunguliwa. Kwenye kioo ilitokea namba 200 pamoja na maneno ya kueleza kwamba programu imegawanya kwa sifuri. Walioichunguza hesabu yenyewe hawakuona sifuri yoyote ndani yake.

Sababu ilikuwa hii. Katika Turbo Pascal mlikuwa na kipande kiitwacho Crt, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuchelewesha mambo kwa kipimo cha wakati, ili mambo yasipite upesi kuliko jicho. Kipande hicho kilijipima kila programu ilipoanza. Kilihesabu mizunguko ya kazi tupu iliyoweza kufanywa katika pigo moja la saa ya kompyuta, ambalo ni kiasi cha milisekunde 55, kisha kikaigawanya hesabu ile kwa 55 ili kupata mizunguko ya milisekunde moja. Jawabu lilitengewa nafasi ya biti 16, na namba kubwa kuliko zote inayoenea katika nafasi hiyo ni 65,535. Kwa mashine za wakati ule nafasi hiyo ilikuwa kubwa kupita haja. Lakini prosesa, yaani ule moyo wa kompyuta unaofanya hesabu zote, zilipofika kiasi cha megahezi 200, mizunguko ilipita milioni tatu na laki sita katika pigo moja. Jawabu likawa kubwa kuliko chombo chake, na prosesa ikapiga kelele. Katika prosesa hizo kelele ya jawabu lisiloenea ni ile ile ya kugawanya kwa sifuri, na Turbo Pascal iliifasiri kwa maana moja tu. Programu ilikufa, basi, kwa sababu mashine ilikuwa hodari mno.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba maneno yanayotokea kwenye kioo ni shahidi, wala si hakimu. Shahidi husema alichokiona kutoka pale aliposimama, na pengine alisimama mbali. Mtafutaji anayeamini kila neno la shahidi ataitafuta sifuri mpaka usiku uchwe. Naye anayelipuuza kila neno hatakuwa na pa kuanzia. Ipo hata michezo ambayo maneno yake yaligeuzwa kwa makusudi. Katika mchezo wa Wing Commander wa mwaka 1990, programu ilikuwa ikitoa kosa la kumbukumbu kila mchezaji alipoufunga. Muda wa kuutoa sokoni ulikuwa umewadia na sababu haikuonekana. Mmoja wa waandishi wake alisimulia baadaye kwamba waliyabadili maneno ya kosa, yakawa maneno ya kumshukuru mchezaji kwa kuucheza mchezo. Kosa lilibaki likivaa kanzu ya adabu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini safari hii maradhi yalikuja wakati wa kuagana, mgonjwa akaenda zake na heshima yake.

Funzo la pili ndilo zito zaidi. Mashine mpya haikulizaa kosa lile. Kosa lilikuwamo tangu siku ya kwanza, limelala ndani ya kipande kidogo, nalo lilingoja mashine yenye kasi ya kuliamsha. Mwandishi wa kipande kile alikuwa na dhana ambayo hakuiandika popote, kwamba hakuna kompyuta itakayohesabu upesi kiasi hicho. Dhana ilikuwa kweli kwa miaka kadha, kisha ikawa si kweli bila ya kumwarifu mtu. Yamkini kila kazi ya mikono ya watu imejengwa juu ya dhana za namna hii. Hazionekani mpaka siku zinapovunjika, kama vile mtu asivyoufikiri msingi wa nyumba mpaka uone ufa.

Turbo Pascal ilidhani kwamba kasi haitazidi. Michezo mingine ilidhani kwamba kitu kilichoachwa kitakutwa pale pale. SimCity, mchezo wa kujenga na kutawala mji uliotolewa mwaka 1989 na baadaye ukapelekwa katika Windows, ulikuwa na kosa la aina hiyo. Ulikuwa ukirudisha kumbukumbu kwa mfumo, yaani kusema kwamba hauihitaji tena, kisha mara ukaisoma kana kwamba bado ni mali yake. Ni kama mpangaji aliyerudisha ufunguo asubuhi, akaingia tena adhuhuri kuchukua kitanda. Katika Windows za kwanza hapakuwa na madhara, kwa kuwa chumba kilikaa kitupu kwa kitambo, na kitanda kilikuwapo. Katika Windows 95 chumba kilipewa mpangaji mwingine upesi zaidi, na mchezo ukaanguka. Joel Spolsky aliandika mwaka 2004, kwa masimulizi aliyoyapata kwa Jon Ross aliyeipeleka SimCity katika Windows, kwamba watu wa Microsoft walilifuatia kosa hilo mpaka wakalijua. Kisha wakaandika ndani ya Windows 95 sharti maalumu: SimCity ikionekana inafunguliwa, kumbukumbu iliyorudishwa isigawiwe upesi. Mfumo mzima wa kompyuta ulikubali kuupinda mwendo wake kwa ajili ya kosa la mchezo mmoja.

Kisa kingine ni cha karibuni zaidi, nacho kinaonyesha kwamba kosa laweza kulala miaka ishirini. Grand Theft Auto: San Andreas ulitolewa mwaka 2004, na mwaka 2005 ukafika katika kompyuta. Ndani yake kuna ndege ndogo inayotua majini, iitwayo Skimmer. Baada ya Windows 11 kupata mabadiliko makubwa ya mwaka 2024, wachezaji waliona kwamba ndege ile haipatikani tena mahali pake. Wengi waliulaumu mfumo mpya, na kwa mtazamo wa juu juu walikuwa na haki, kwa maana mchezo haukuguswa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2025 ulitoa jawabu jingine. Mchezo una faili ya orodha ya vyombo vya safari, kila chombo na mstari wake, na mwishoni mwa mstari vipimo vya magurudumu. Mstari wa Skimmer haukuwa na vipimo hivyo. Katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 2002, ndege hiyo iliandikwa katika jamii ya mashua, na mashua haidaiwi magurudumu.

Ikawaje basi ndege ikaruka kwa miaka yote ile? Programu ilipousoma mstari uliopunguka, haikuweka namba yoyote katika nafasi zilizokosekana; ilichukua zilizokuwamo. Na zilizokuwamo, kwa sudi tu, zilikuwa vipimo vya gari lililotangulia katika orodha, ambavyo havikuwa vimefutwa bado. Ndege iliishi kwa kuazima magurudumu ya jirani. Windows mpya ilitumia sehemu ile ya kumbukumbu kwa kazi zake zaidi kuliko zile za zamani, kama ilivyo haki yake. Ikaifuta namba ya gari na kuacha namba isiyo na maana, na hesabu za ndege zikaharibika. Dawa yake ilikuwa kuongeza namba zilizokosekana katika mstari mmoja wa maandishi. Kikulacho ki nguoni mwako: mtuhumiwa alikuwa mgeni, na mwenye kosa alikuwa mwenyeji.

Kuna pia michezo iliyoanguka kwa sababu ya utajiri wa jawabu. Michezo mingi ya mwisho wa miaka ya 1990, hasa iliyojengwa juu ya msingi wa Quake III wa mwaka 1999, ilikuwa na tabia ya kuiuliza kadi ya picha kila ilipoanza: unaweza kazi gani? Kadi ilijibu kwa orodha ya majina ya kazi zake, na mchezo ukaiandika orodha hiyo katika nafasi ya urefu maalumu. Kadi za siku zile zilikuwa na maneno machache. Kila mwaka zilijifunza mengine, na orodha ikarefuka mpaka ikamwagika nje ya nafasi, ikaandika juu ya mambo mengine ya mchezo, na mchezo ukazimika. Kampuni ya NVIDIA ilitia katika programu za kuendeshea kadi zake chaguo la kuikata orodha, ili kadi ijibu kwa ufupi inapoulizwa na mzee. Kijana msomi aliyefunzwa adabu hufanya hivyo hivyo mbele ya babu yake.

Kutokana na visa hivi yaonekana jinsi mtafutaji wa sababu apasavyo kwenda. Huanza kwa kuuliza mchezo ulikwenda mara ya mwisho lini, na tangu siku ile kilichobadilika ni nini: mfumo, kadi ya picha, kioo, au mashine nzima. Kisha hulitafuta kosa lirudi kwa hiari yake mwenyewe, kwa maana kosa lisiloweza kuitwa haliwezi kushikwa. Likizimika pale pale kila mara, amekwisha kupata nusu ya jawabu. Likizimika popote pengine, na kwa saa mbalimbali, atashuku joto la mashine, au kumbukumbu mbovu, au wakati. Huweka nakala ya mchezo na ya kazi aliyoihifadhi ndani yake kabla hajagusa kitu. Naye hubadili jambo moja moja. Anayebadili mambo matano kwa pamoja huenda akapona, lakini hajui alichokunywa, na ugonjwa ukirudi yuko pale pale alipoanzia.

Yako mambo anayoyajua kwa uzoefu, nayo humfupishia njia. Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16. Kwa hiyo yawezekana mchezo wenyewe ni mzima, na kilichokataa ni kile kiprogramu cha zamani cha kuusimika. Mchezo ulioandikwa zama za prosesa yenye kiini kimoja hubabaika unapokuta viini vinane, nao hutulia ukifungiwa kimoja. Mchezo uliozoea kuchora picha sitini kwa sekunde hukosea hesabu zake ukiachwa uchore mia tatu. Mchezo wa biti 32 kwa desturi hupewa gigabaiti 2 tu za kumbukumbu hata kama kompyuta ina 32, na ukiongezewa picha nzito na mapambo mapya hufikia ukuta na kuanguka. Haya ni mambo ya kujifunza, na anayeyajua huonekana kama mganga. Lakini bila ya utaratibu uliotangulia huwa ni majani ya dawa katika mfuko wa mtu asiyejua kumpima mgonjwa. Tena aliyechoka hukimbilia kiraka chochote kilichosifiwa, hata kama mshonaji wake hajulikani; akatafuta dawa ya mchezo, akaingiza maradhi katika kompyuta nzima.

Kwa upande mwingine, si kila mchezo usiofunguka una kosa. Mwingine umefungwa. Michezo mingi iliyouzwa katika diski mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitiwa kufuli la SafeDisc ili isinakiliwe na wezi, na kufuli hilo lilitegemea kipande kidogo kilichokaa ndani kabisa ya Windows. Kipande hicho kiligeuka kuwa mlango wa hatari kwa usalama. Windows 10 ilipotolewa mwaka 2015 haikukichukua, na mwezi Septemba mwaka ule ule kikazimwa katika Windows zilizotangulia. Tangu hapo mtu aliyenunua mchezo kwa fedha yake, mwenye diski halali mkononi, huambiwa aweke diski ambayo tayari imo. Aliyeiba mchezo uliokwisha kuvunjwa kufuli anacheza, aliyelipa hachezi. Hapa ufundi peke yake haumalizi shauri, kwa kuwa kuvunja kufuli, hata la mali yako, katika nchi nyingi ni jambo la sheria.

Tiba zilizopatikana mpaka sasa ni za namna tatu. Ya kwanza ni kuupinda ulimwengu ili uufuate mchezo, kama Windows 95 ilivyofanya kwa SimCity. Tangu Windows XP ya mwaka 2001 hata mwenye kompyuta mwenyewe aweza kuuagiza mfumo ujifanye wa zamani mbele ya programu fulani. Ya pili ni kuujenga upya ulimwengu wa kale ndani ya huu mpya. DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ni programu inayojifanya kompyuta nzima ya zama za DOS, na mtumiaji aweza kuipunguza kasi mpaka kile kipande cha Turbo Pascal kikahesabu kwa amani. Ya tatu ni kuutia mchezo wenyewe kiraka: kubadili baiti chache mahali penye kosa. Kila tiba ina gharama. Ya kwanza humtwisha mwenye mfumo mizigo ya makosa ya watu wengine, na siku moja atachoka kuibeba. Ya pili yahitaji walinzi, maana hata ulimwengu wa kuigiza ni programu, nao utakutana na mashine mpya. Ya tatu hubadili kazi yenyewe, na atakayekuja kesho hatajua lipi ni la mwandishi na lipi ni la fundi.

Mtu aweza kuuliza kama michezo yastahili jasho hili. Mchezo ni mchezo, atasema, na dunia ina maradhi makubwa zaidi. Neno lake lina uzito, lakini tazama linakofika. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba katika michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena kwa kununuliwa. Anayetaka kuiona hana budi kutafuta diski kuukuu na mashine kuukuu, au kwenda mahali ilipohifadhiwa. Mwezi Oktoba 2024 ombi la kuziruhusu maktaba ziwafungulie watafiti walio mbali michezo zilizoihifadhi lilikataliwa huko Marekani. Kitabu kilichonyauka kurasa husomeka bado kwa mwenye subira. Mchezo usiofunguka haupo, hata kama boksi lake limepangwa vizuri kabatini. Mzee aliyejenga mji wake katika SimCity akiwa kijana, akitaka kumwonyesha mjukuu wake barabara alizozipanga na kodi alizozitoza, hana cha kumwonyesha ila jina la faili. Na mwanachuoni wa kesho atakayetaka kujua watu wa mwisho wa karne ya ishirini walicheza nini, walicheka nini, na waliufikiri mji kuwa kitu gani, atasimama mlangoni pamoja naye.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaijua hali hii kwa jina jingine. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikanakiliwa mkono baada ya mkono, na hati ile haikuwa na alama za kutosha kuzitenga baadhi ya sauti za Kiswahili. Aliyeandika hakudhulumu, wasomaji wake waliijua lugha na desturi, na midomo yao ilijaza yaliyokosekana katika wino. Dhana ya mwandishi ilikuwa kweli kwa zama zake, kama dhana ya Turbo Pascal. Wasomaji walipobadilika, neno likawa na njia mbili, na ubeti ukakwama. Mhariri mwema katika kazi hiyo haukwangui wino wa zamani. Huacha mswada kama ulivyo, akatoa usomaji wake kando, na kusema kwa nini ameusoma hivyo, ili ajaye baadaye aweze kumsahihisha.

Adabu hiyo yafaa kwa michezo pia. Nakala ya asili na ihifadhiwe na kosa lake. Tiba ikae nje, iwe ndogo kadiri iwezekanavyo. Na maelezo yake yaandikwe. Hili la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Wako watu wengi waliosumbuka usiku na mchana juu ya mchezo mmoja, wakapata dawa, wakafurahi, wakanyamaza. Furaha yao ilikwisha pamoja nao, na mwingine akaanza safari ile ile kutoka mwanzo. Aliyeigundua siri ya ile ndege ya majini hakunyamaza. Alieleza mstari gani ulipunguka, namba gani ilikosekana, na Windows ilifanya nini mpaka kosa likaamka. Kwa hiyo leo mtu asiyejua kuandika programu aweza kufungua faili, kuongeza namba, na kuruka.

Na yule anayeandika programu leo, pengine katika chumba cha chuo, akiwa na mashine inayomridhisha, hana njia ya kuiona mashine itakayoiamsha kasoro yake. Hapana shaka iko. Anachoweza ni kutaja dhana zake: kuandika kando ya hesabu kwamba nafasi hii yatosha mpaka kiasi hiki, na kwamba mstari huu ukikosa namba itumike namba ile. Ni kazi ya dakika mbili. Miaka thelathini baadaye itampunguzia usiku mzima mtu asiyemjua, aliyeketi mbele ya kioo cheusi na diski mkononi.